Kiganja cha Baba Mkubwa

Wiki iliyopita tulimzika Baba Mkubwa Msengi, kaka yake baba yangu, na masikio yangu bado yanauma kwa sifa nilizozisikia. Pale msibani, karibu na Kinampanda, kila aliyesimama kusema neno alimwita daktari wetu. Daktari! Shangazi aliyekaa pembeni yangu aliona nilivyobetua midomo, akanifinya paja na kuninong'oneza kwamba marehemu hasemwi vibaya. Sikusema. Nilikula wali wao, nikanywa chai yao, nikapanda gari kurudi kwangu mjini, Utemini, nikiwa na maneno yangu yote tumboni, mazima kama yalivyokuwa utotoni. Marehemu hasemwi vibaya, sawa. Lakini nani alitunga sheria hiyo kama si ndugu wa marehemu wabaya?

Ninyi wa rika langu mnakumbuka tulivyokua. Dawa ilikuwa kitu cha kusikia tu. Zahanati yetu ilikuwa na kabati la mbao lenye kufuli kubwa, na siku lilipofunguliwa ilitoka harufu ya dawa, dawa zenyewe hazimo. Ukiwa na bahati ulipewa vidonge viwili vilivyofungwa kwenye kipande cha gazeti, ukaambiwa nenda kapumzike. Halafu zikaja enzi za ruksa, biashara zikafunguliwa. Mnadani, ambako tulizoea kuona mbuzi, kuku na chumvi, sasa pakamwagika kila kitu: mitumba iliyonuka kabati za watu wa mbali, sabuni za kunukia, betri, mafuta ya nywele, na vidonge. Vidonge vya kila rangi, vimejazwa kwenye makopo yasiyo na maandishi, vinanadiwa kwa sauti kama karanga.

Baba Mkubwa naye akaingia. Mpaka hapo alikuwa mtu wa kutibu mifugo. Ndiye aliyeitwa mbuzi wakiharisha, ndiye aliyewanywesha dawa ya minyoo kwa chupa ya soda, na alikuwa na kanuni moja tu ambayo kila mfugaji aliijua: mnyama asiposimama, ongeza. Hakuuliza uzito wala umri. Alitazama kama mnyama amesimama na kama anakula. Mbuzi wengi walisimama, wachache walikufa, na waliokufa walitafunwa, kwa hiyo hakuna aliyelalamika. Alipopata makopo yake ya vidonge, akavuka kutoka kwa mbuzi kuja kwa watu bila hata kunawa mikono. Kipimo chake kilikuwa kiganja. Mtoto, nusu kiganja. Mtu mzima, kiganja. Asiposimama, ongeza.

Mama yangu hakuwa mtu wa kwetu. Alikuwa Mgogo wa Kintinku. Baba alimpata huko alipokwenda kufanya kibarua cha reli. Wanawake wa kijijini walimwita Mbukwa, kwa vile ndivyo alivyosalimia siku ya kwanza alipofika, kwa salamu ya kwao, na jina likamganda. Hakuchukia. Alikuwa mrefu, mwenye mikono migumu, na shamba lake la alizeti lilitazamwa na kila mpita njia, akiwemo Baba Mkubwa. Baba mwenyewe alikuwa amekwenda kwenye machimbo ya dhahabu, watu walipoanza kuruhusiwa kujichimbia, na habari zake zilikuja mara moja moja, kisha zikawa haziji. Nyumbani tulibaki mama, mimi, mdogo wangu wa mgongoni, na bibi mzaa baba aliyekuwa na nyumba yake hapo hapo uani. Na juu yetu sote, Baba Mkubwa.

Masika hayo mama akashikwa na homa. Kichwa kilimgonga, viungo vikamuuma, akalala kitandani akitetemeka mpaka kamba za kitanda zikawa zinalia. Baba Mkubwa akaja na kopo lake kwapani. Nilimsalimia, akaitikia marahaba bila kunitazama, akaagiza maji. Nakumbuka mlio wa vile vidonge vikimiminika kwenye kiganja chake kipana, na harufu yake kavu, kama chokaa iliyolala sandukuni.

"Vyote hivi, baba mkubwa?" mama aliuliza.

"Homa ya mtu mzima hiyo, mama Eliwaza. Meza."

Mama akameza, kwa mafungu, akigugumia maji. Jioni Baba Mkubwa akarudi, akamkuta bado amelala, akaongeza. Kesho yake akaongeza asubuhi, akaongeza jioni. Nilisimama hapo nimeshika kikombe, nikimwonea fahari baba mkubwa wangu kwa ukarimu wake. Watu wengine walipewa viwili kwenye gazeti. Sisi tulipewa kiganja kizima.

Homa ikashuka, lakini mama hakusimama. Akaanza kutapika hata maji. Akawa anashika ubavu wa kulia, chini ya mbavu, kama mtu aliyepigwa teke na ng'ombe. Mkojo wake, ambao mimi ndiye niliyeumwaga, ukawa mweusi kama chai ya rangi iliyochemka mno. Na asubuhi moja alipofungua macho, weupe wake haukuwepo. Ulikuwa njano, njano ile ya kiini cha yai la kuku wa kienyeji.

Baba Mkubwa alipoingia na kuyaona macho yale, aliogopa. Mimi nilimwona. Alitazama kopo lake, akatazama mlango. Sasa hapo, wenzangu, ndipo ninapomshika. Kukosea kipimo ningemsamehe. Hakuna aliyemfundisha, na mama si wa kwanza kutibiwa kwa kubahatisha. Lakini mtu yule alikaa pale akifikiri, na alipomaliza kufikiri akasema:

"Haya ni macho ya mnywa gongo. Kumbe mama Eliwaza unakunywa kwa siri?"

Mama yangu alikuwa hajawahi kuonja hata pombe ya mtama ya harusi. Alijaribu kuinuka amjibu, akashindwa. Kufika Jumapili neno lilikuwa limeshaingia kanisani na kutoka. Wanawake waliokuwa wakija kumjulia hali wakawa wanaishia uani, wananusa nusa, wanaondoka. Na Baba Mkubwa akatangaza kwamba mnada ujao ukipita, ukoo utakaa kikao. Mlevi hawezi kulea watoto wa mwanaume ambaye hayupo. Mama atarudishwa kwao Kintinku, sisi watoto tutabaki, na shamba la alizeti litakuwa mikononi mwa ukoo. Ukoo maana yake yeye.

Siku ile ile nikamsikia bibi akimwambia jirani, kwa sauti ya chini, kwamba ini la mwanamke huyu limekwisha. Ini nililijua. Kwetu mbuzi akichinjwa, ini halifiki jikoni. Wanaume hulichoma hapo hapo machinjoni, wakalikata vipande na kulila kwa chumvi, mkubwa wa mji akianza. Wanawake na watoto husikia harufu tu. Nikakaa nikaunganisha mambo kwa akili yangu ya darasa la tatu. Kumbe ndiyo maana wanaume wa kwetu hawaishiwi ini, wanalijaza kila mara. Na mama, ambaye katika maisha yake hajapewa hata kipande, lake limetumika mpaka limekwisha. Nilimchukia Baba Mkubwa kwa kila ini nililowahi kumwona akilitafuna.

Haukupita muda akachinja beberu, awalainishe wazee watakaokaa kikao. Nilijibanza nyuma ya zizi. Alipoliweka ini juu ya majani na kuinama kupuliza makaa, nilichomoka, nikalikwapua, nikakimbia nalo tumboni mwa gauni, la moto, linateleza, damu inanichuruzika mapajani. Nikaingia ndani, nikampelekea mama mdomoni.

"Kula mama. Ni jipya."

Mama alipopata harufu yake alijikunja, akatapika nyongo tupu mpaka nikadhani anatoa roho. Bibi akaja mbio. Alipoona damu gauni zima akapiga yowe, kisha akaliona ini mkononi mwangu, akanielewa bila kuniuliza. Nje Baba Mkubwa alikuwa anakuja akinguruma, nani amechukua ini lake. Bibi akasimama mlangoni, mdogo vile, akaujaza.

"Msengi! Mtoto wa watu anakata roho humu ndani, na wewe unatafuta maini?"

"Mama, huyo ni mlevi tu, ataamka."

"Funga ng'ombe kwenye mkokoteni. Sasa hivi. Au uniue na mimi."

Mama mzazi ni mama mzazi. Akafunga ng'ombe.

Kituo cha afya kilikuwa mbali, na nesi aliyetupokea alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kukaripia hata alipokuwa anakupa pole. Aliivuta kope ya mama, akambonyeza ubavu, akauliza amekunywa nini. Bibi akamwambia vidonge vyeupe vya homa. Vingapi? Mama, ambaye hakuwa na nguvu ya kusema, akafungua kiganja chake, akakionyesha. Nesi akauliza, kiganja kwa wiki? Mama akatikisa kichwa, akaonyesha asubuhi, akaonyesha jioni. Yule mwanamke mwenye kelele akakishika kiganja kile, akakifunga taratibu.

Walimtundikia maji. Mimi nikamuuliza nesi kama wana maini ya akiba, maana lile la mbuzi mama amelikataa. Hakucheka.

"Ini halijazwi kwa ini, wewe mtoto," aliniambia. "Lile ndilo chujio la mwili. Kila kitu mtu anachomeza kinapita pale, kibaya kinashikwa, kizuri kinapita. Vidonge hivi vikiwa vichache havina shida, linavishika. Lakini mama yako amebebeshwa mzigo wa ng'ombe. Limechubuka."

"Litapona?"

"Mungu akipenda. Ini lina tabia yake. Ukilichubua, lililobaki zima linaanza kujijenga lenyewe, kimya kimya, mpaka linarudi kama lilivyokuwa. Ni kama mchicha, unachuma na unachipua, mradi usiung'oe mzizi."

Bibi akauliza dawa yake ni nini. Nesi akasema dawa yake ni kuacha dawa. Apumzike, anywe maji mengi, uji, asali kidogo, mafuta ayaepuke. "Na huyo aliyempa hivi asimkaribie tena."

Katika maagizo yote, hilo la mwisho ndilo nililolichukua kuwa dawa kubwa. Mama aliporuhusiwa na tukarudi naye nyumbani, nilikaa mlangoni na mchi wa kinu mapajani. Baba Mkubwa alikuja, akaniona, akauliza hiyo ni nini. Nikasema bibi yupo. Akageuka. Siku zote zile hakuvuka kizingiti, na mimi nililala na mchi ule kama wenzangu wanavyolala na mwanasesere.

Halafu nikaanza kuutazama mwili ukifanya kazi yake. Sijawahi kuona kitu cha ajabu kama kile, na hakuna aliyekuwa anausukuma. Mkojo ndio ulioanza kupauka, ukatoka kwenye chai ya rangi ukaja kwenye chai nyepesi, kisha ukawa maji ya kawaida, na mimi nikawa namkimbilia bibi kumwonyesha kopo, anazuga kukasirika. Kutapika kukakoma. Uji ukakaa. Ngozi iliyokuwa inamwasha, mpaka anajikuna kwa gunzi la mahindi, ikatulia. Siku moja akaomba mlenda mwenyewe, kwa mdomo wake, akaumaliza, akalamba vidole. Usingizi ukarudi, ule wa kukoroma. Nililala ubavuni kwake nimebandika sikio chini ya mbavu zake za kulia, nikijaribu kulisikia ini likijijenga. Sikusikia kitu zaidi ya tumbo lake kuunguruma kwa njaa.

Yaliyobaki yalikuwa macho. Na hapa niwaambie ukweli wangu, na siuombei radhi. Sikutaka macho yale yarudi meupe. Nilitaka mama apone kila mahali, lakini macho yabaki njano mpaka siku ya kikao, wazee wayaone, bibi aseme maneno ya nesi mbele yao, Baba Mkubwa akose pa kujificha. Njano ile ndiyo ilikuwa shahidi wetu. Kila asubuhi niliivuta kope ya mama kama nilivyomwona nesi akifanya, na kila asubuhi shahidi wetu alikuwa amefifia. Mwili wa mama ulikuwa unamfutia yule mtu kosa lake, bila kuniuliza mimi. Nililia kwa hasira, mama akadhani nalia kwa furaha, akanikumbatia.

Mnada ulipokaribia macho yalikuwa meupe pe. Na mnajua Baba Mkubwa alifanya nini? Akaanza kutembea akisema yeye ndiye aliyemponya. Eti gongo lilikuwa limemjaa mwilini, vidonge vyake vikalitoa, na njano ile ilikuwa gongo likitoka. Watu wakaamini! Wakaanza kuulizia kipimo alichompa Mbukwa. Bibi alipotaja nesi, akasema manesi wana wivu na wafanyabiashara. Kwa hiyo sasa mama alikuwa mlevi aliyetibiwa, kikao kiko palepale, na yeye ni daktari.

Mama alisikia yote hayo akiwa anachambua mlenda. Akasema kwa upole, "Eliwaza, kesho tutakwenda mnadani."

Alivaa kitenge chake kizuri. Alikuwa amekonda, lakini alitembea wima. Tulimkuta Baba Mkubwa amezungukwa na watu, makopo yamepangwa juu ya turubai, jua linawaka, naye amejifunga kitambaa kwenye paji la uso. Alipotuona akafurahi kama aliyeletewa zawadi.

"Mwoneni! Si mlimsikia kwamba anakufa? Mtazameni macho! Sogea, mama Eliwaza, wakuone."

Mama akasogea. Watu wakamkagua kama ng'ombe wa kununuliwa. Nilitamani kuwang'ata mmoja mmoja.

"Shikamoo, baba mkubwa," mama alisema. "Naona umejifunga kichwa. Unaumwa?"

"Marahaba. Ah, jua hili. Tangu asubuhi kinanipasua. Kazi ya kuponya watu si mchezo." Watu wakacheka naye.

"Nami nimekuja kwa ajili ya mgonjwa wa kichwa. Mtu mzima, mwanaume. Nipimie kama ulivyonipimia mimi, watu waone kipimo."

Akafurahi zaidi. Akatikisa kopo, akammiminia mama kiganja kilichojaa, cha mlima, akiwazungushia watu macho. Mama akakichukua mkononi mwangu kikombe cha maji alichonibebesha kutoka nyumbani. Kisha akapiga magoti pale vumbini, mbele ya mnada mzima, akamnyooshea vidonge kwa mkono mmoja na maji kwa mwingine, kichwa ameinamisha.

"Karibu dawa, baba mkubwa."

Mnajua maana yake kwetu. Mke wa ndugu yako akikupigia magoti na kukupa kitu mbele za watu, hukatai. Ukikataa umemwambia hadharani kwamba unamwogopa, na watu watauliza unaogopa nini mkononi mwake. Baba Mkubwa akacheka. Hakuna aliyemsaidia kucheka.

"Mimi siumwi hivyo," alisema.

"Umesema kinakupasua."

"Kimepoa."

Mzee mmoja mfugaji, aliyekuwa ameshika kamba ya mbuzi wake, akasema taratibu, "Meza, Msengi. Dawa ni yako, kipimo ni chako. Meza twende."

Akachukua viwili kwenye kiganja cha mama, akavimeza. Mama hakuinuka. "Na vilivyobaki," alisema. "Mimi nilivimaliza. Asubuhi na jioni." Aliinua uso, akamtazama kwa macho yale meupe, na sijawahi tena kumwona mama akimtazama mtu hivyo. Baba Mkubwa akakifunika kopo lake. Jasho likamtoka chini ya kitambaa. Hakugusa kidonge cha tatu. Mwanamke mmoja aliyekuwa ameshanunua akaliweka furushi lake juu ya turubai, akamvuta mtoto wake, akaondoka. Akafuata mwingine. Mimi nilisimama pale nikiwaangalia wakirudisha mafurushi, na moyo wangu ulikuwa unakula na kushiba.

Kikao hakikukaa. Wazee walikuwa wameshakula beberu wa bure, hakuna aliyekumbuka tena ajenda. Mama alilima alizeti yake mpaka nywele zikawa nyeupe. Baba Mkubwa alirudi kwa mbuzi, ambao hawasemi, na akaishi miaka mingi hivyo mpaka waliomjua wakapungua na wajinga wakapata nafasi ya kumwita daktari juu ya jeneza.

Siku ile tulipokuwa tunarudi, mama alinishika mkono. Alikuwa amechoka, tukapumzika mara kwa mara chini ya migunga. Mimi bado nilikuwa narukaruka kwa furaha, lakini kulikuwa na swali moja, nikaona aibu kuliuliza, kisha nikaliuliza.

"Mama, je, kama angevimeza vyote?"

Mama alijifuta jasho kwa ncha ya kitenge, akatazama mbele, njia ya kwetu.

"Ningemshikia kikombe, mwanangu," alisema, "mpaka amalize."